Mageti Kumi na Moja

Msoma mita alikaa na barua ile siku tisa bila kuionyesha nyumbani. Aliikunja mara nne akaisokomeza ndani ya jalada la kitabu chake cha kazi, na kila asubuhi alitoka nayo, akazunguka nayo mitaani, akarudi nayo jioni kama mtu anayetembea na dawa asiyotaka kuimeza.

Barua yenyewe ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza iliwashukuru wasoma mita kwa utumishi wao. Ya pili ilisema mamlaka ya maji imenunua mita mpya zinazotuma namba zenyewe moja kwa moja ofisini, na kwamba kazi ya kuzifunga itakamilika katika miezi kumi na minne. Ya tatu ilisema wasoma mita arobaini watapunguzwa hadi sita, na sita hao watakaa ofisini kuuhudumia mfumo wa kompyuta. Wengine wote watalipwa haki zao kwa mujibu wa mkataba.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameipitisha akiinamia visanduku vya saruji, akiondoa majani, buibui na siku moja nyoka, akifuta kioo kwa kidole gumba na kuandika namba. Kazi hiyo aliijua mpaka kwenye magoti. Alijua bomba la nyumba ipi linavuja chini kwa chini na mwenyewe hajui. Alijua mbwa yupi anabweka tu na yupi ana nia. Kompyuta aliijua kama alivyomjua daktari wa meno: walionana mara chache, na bila hamu.

Siku alipopewa barua alimfuata mkuu wa kitengo ofisini kwake na kumuuliza, kwa sauti aliyoijaribu kwanza kwenye korido, hao sita watachaguliwa vipi. Mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimjibu kwamba wenye cheti cha kuandika programu za kompyuta wataangaliwa kwanza. Msoma mita akauliza kama kuangaliwa maana yake ni kuchukuliwa. Mkuu akasema kuangaliwa maana yake ni kuangaliwa.

Tangu hapo hofu ilimkaa chini kidogo ya mbavu, upande wa kushoto. Ilimfanya asome mita moja mara tatu. Ilimfanya asimame kwenye geti la mtu asikumbuke kama ameshabisha hodi au bado.

Siku ya kumi jalada la kitabu lilichanika kwenye mshono. Akampa mke wake alishone, kama alivyompa kila kitu kilichochanika kwa miaka kumi na tisa, na alipokumbuka kilichokuwa ndani tayari alikuwa ameshachelewa. Mkewe, fundi cherehani aliyefanyia kazi chumba cha mbele cha vyumba viwili walivyopanga, aliisoma barua akiwa amesimama. Alipomaliza aliisoma tarehe.

"Siku tisa," alisema. "Umekaa kwenye kiti kile umekula, ukaniambia habari za mbwa."

Mkewe alikaa, akaliweka jalada chini ya sindano, akalishona lote mpaka mwisho na kukata uzi kwa meno. Ndipo akauliza anakusudia kufanya nini.

Alichokusudia kilikuwa kwenye mfuko wa shati. Kilikuwa kipeperushi cha chuo cha jamii, kile kilicho nyuma ya stendi ya zamani: cheti cha kuandika programu, masomo ya jioni, mihula mitatu, mwaka mmoja. Ada ya mihula yote ilikuwa sawa na mishahara yake mitano. Na mishahara mitano hawakuwa nayo popote isipokuwa kwenye chama cha akiba na mikopo, ambako waliweka fedha za paa. Kiwanja chao kilikuwa na kuta zilizofika kwenye lenta miaka mitatu iliyopita na kusimama hapo, zikinyeshewa, majani yakiota kwenye kitakachokuwa chumba cha mabinti wao wawili. Walibakiza kidogo tu wanunue mbao na mabati. Kwa hiyo swali halikuwa kama cheti ni ghali. Cheti kilikuwa ni paa lenyewe.

Mkewe alikisoma kipeperushi pande zote mbili, pamoja na jina la kiwanda cha uchapaji.

"Hapa wanasema wahitimu themanini na wanne katika kila mia wako kazini."

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe unaamini?"

Hilo ndilo lililokuwa linamnyima raha. Msoma mita anajua kitu kimoja kuhusu namba ambacho mlipa bili hakijui: kwamba si kila namba imeonwa na macho ya mtu. Msomaji akikuta geti limefungwa, anaangalia miezi ya nyuma, anakadiria, anaandika, na pembeni ya namba anachora kiduara. Kiduara ni kusema: hii sikuiona. Kanuni ya ofisi inaruhusu kiduara kwa miezi miwili mfululizo kwa nyumba moja. Mwezi wa tatu lazima uone mwenyewe, hata kama ni kwa kupanda ukuta. Themanini na nne ilikuwa namba nzuri, ya mviringo kwenye ncha zake, na haikuwa na kiduara. Alitaka kujua nani alikwenda kuisoma.

Basi akaenda kuisoma mwenyewe. Majina ya wahitimu wa miaka miwili iliyopita yalikuwa yamebandikwa kwenye ubao wa chuo, nje ya geti, na yeye alikuwa na mitaa yote kichwani. Kati ya majina hayo, kumi na moja aliyatambua kuwa ya watu wa njia zake. Alinunua daftari dogo, akalipigia mistari kama kitabu cha mamlaka: somo la awali, somo la sasa, tofauti. Somo la awali lilikuwa kipato cha mtu kabla ya cheti. Somo la sasa, kipato cha leo. Aliamua atapita kwenye mageti hayo ndani ya mwezi, baada ya saa za kazi, na tofauti ndiyo itakayompa jibu.

Kwenye benchi la wasoma mita, pale wanaporudisha vitabu jioni, habari zilimtangulia. Mwenzake mmoja waliyemwita Filimbi, kwa sababu hakubisha hodi bali alipiga mluzi, alimpokea kwa saluti.

"Profesa kafika. Jamani mpisheni, asije akatuandika kwenye kompyuta."

Wakacheka. Filimbi alikuwa ameshaamua: akilipwa haki zake atanunua pikipiki na kubeba abiria. Alieleza jinsi miguu yake itakavyopumzika, jinsi atakavyolala mpaka jua lichome. Aliuliza kama huko chuoni wanawapa watu wazima viti vyenye mito. Kisha wenzao walipotawanyika alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba za viatu, na kwa sauti ambayo haikuwa na mluzi wowote ndani yake akauliza fomu zinatoka mpaka lini. Msoma mita alimwambia. Filimbi akaitikia kwa kichwa, akasema yeye hata hivyo hana shida nazo, na akaondoka.

Watu hawapendi kutaja mishahara yao, lakini kwa msoma mita walilegea. Pengine mtu anayejua unaoga mara ngapi kwa wiki humfichi mengine. Mitaani walimwita Bwana Maji, na Bwana Maji alipouliza, huku daftari likiwa wazi, kabla ya cheti ulikuwa unapata kiasi gani, walijibu kabla hawajajiuliza kwa nini.

Geti la kwanza lilimtisha. Kijana aliuza simu kabla ya cheti na alikuwa anauza simu baada ya cheti, duka lile lile, meza ile ile. Tofauti: sifuri. La pili lilimpa moyo: binti aliyetoka shule moja kwa moja na sasa alikuwa idara ya kompyuta ya benki, akipata karibu mara mbili ya mshahara wa Bwana Maji. La tatu lilimchanganya, kwa kuwa mhitimu alikuwa anafundisha chuoni hapo hapo, saa sita kwa wiki, na alipouliza vizuri akagundua kwamba chuo kilimhesabu miongoni mwa walio kazini. Wa nne alikuwa dereva wa lori. Cheti alikiweka kwenye fremu, fremu akaiweka juu ya kabati. Wa tano, mwanamke aliyekuwa karani wa ghala, alirudi kwenye ghala lile lile na kuwaandikia programu ya kufuatilia mizigo, akaongezwa theluthi ya mshahara. Wa sita alikuwa anaendelea na shahada na bado anakula kwa mama yake. Wa saba alitengeneza mashine za kuchapa, faida kidogo. Wa nane alikuwa mapokezi hospitalini. Sasa alikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, akisimamia kumbukumbu za wagonjwa, na alimwambia Bwana Maji kwamba mwaka ule wa masomo alilia chooni mara nyingi kuliko alivyolia alipofiwa.

Ilimchukua wiki tatu. Jumapili mchana alimwekea mkewe daftari mezani, juu ya vitambaa, na kumpa hesabu. Saba kati ya kumi na moja wamefaidika. Si themanini na nne kwa mia, lakini inazidi nusu. Aliyasema hayo akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu barua ije mkewe aliona mabega yake yameshuka yakakaa mahali pake.

Mkewe alivaa miwani ya kutungia uzi. Alipitisha kidole kwenye mistari, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anayetafuta mahali mshono ulipoanza kuachia. Kwenye mstari wa tisa kidole kikasimama. Kikasimama tena wa kumi. Kikasimama wa kumi na moja.

"Hivi viduara ni vya nini?"

Msoma mita alisogea kuangalia. Vilikuwepo, vitatu, vidogo na safi, vimechorwa na mkono wake mwenyewe. Hakukumbuka kuvichora.

Alikumbuka mageti, ndiyo. La tisa alilikuta limefungwa mara mbili, lakini nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya na nje palikuwa na gari ambalo halijafikisha mwaka. Akaandika kwamba mambo ni mazuri. La kumi hakufunguliwa, lakini alisikia ndani mtu anaongea kwenye simu kwa sauti ya mtu mwenye kazi. La kumi na moja lilikuwa na kufuli, na matumizi ya maji ya nyumba ile yalikuwa yamepanda tangu mwaka jana, na maji hayapandi kwa mtu aliyefilisika. Alikadiria. Alifanya kile ambacho mkono wake umefanya kwa miaka kumi na saba mbele ya geti lililofungwa, na hakujiona akifanya. Na makadirio yote matatu yaliangukia upande mmoja.

"Ukitoa hivi vitatu," mkewe alisema, "wanabaki wanne kwa wanne."

Hakulisema kwa kumkomoa. Lakini msoma mita alihisi kile kitu cha chini ya mbavu kimerudi, na safari hii kimekuja kukaa. Siku nzima alikuwa tayari kuling'oa paa la watoto wake kwa ajili ya namba ambazo hakuna aliyeziona.

"Mwezi wa tatu unafanyaje?" mkewe aliuliza. Aliijua kanuni, aliisikia kwa miaka kumi na saba.

"Unaona mwenyewe."

"Basi."

Fomu zilikuwa zinafungwa baada ya siku nane.

Kwenye geti la tisa, lile la nyumba yenye rangi mpya, alifunguliwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa amefunga kanga kiunoni na ana ndoo mkononi. Alipomsikia anamuulizia mwanawe, aliiweka ndoo chini. Akamwambia yuko, ila hatatoka. Bwana Maji akasema anaweza kurudi siku nyingine. Mama akasema hata siku nyingine hatatoka. Akaeleza, akiwa amelishika geti kwa mikono miwili, kwamba mtoto alipomaliza chuo aliandika maombi ya kazi, akayahesabu mpaka yakafika tisini na sita, kisha akaacha kuhesabu, kisha akaacha kuandika, na sasa ni mwezi wa kumi na nne anatoka chumbani kula tu. Rangi na gari ni vya dada yake aliyeolewa, aliyehamia hapo na mumewe. Ada ya chuo ilitoka kwenye kiwanja cha marehemu baba yao.

"Wewe una mtoto unataka kumpeleka?" mama aliuliza.

"Ni mimi mwenyewe."

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia ya mamlaka. Alichukua ndoo yake akaingia ndani, na Bwana Maji alibaki nje ya geti akisikiliza miguu yake ikiburuza sakafuni na mahali fulani, nyuma ya dirisha lililofungwa mchana, kikohozi cha kijana.

Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akafungua daftari. Ndipo akaandika.

La kumi lilifunguliwa siku ya pili na mwanamke wa miaka kama thelathini na nane, na simu bado iko sikioni. Alikuwa anawafanyia kazi watu wa mbali ambao hajawahi kuonana nao, akiwa chumbani kwake, na alipata vizuri. Alisema mwenyewe kiasi, na kilikuwa kikubwa. Kisha akasema mkataba wake ni wa mwezi kwa mwezi, na kila ikifika tarehe ishirini na tano hawezi kula. Bwana Maji alimuuliza kama angerudi nyuma angesoma tena. Mwanamke alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu wa kwenye simu alisikika akimwita.

"Ningesoma," alisema. "Lakini usiniulize asubuhi ya tarehe ishirini na tano."

La kumi na moja kufuli lake lilikuwa limeshika kutu. Jirani alisema wenyewe wamehama, hajui wapi. Maji yalipanda kwa sababu ya bomba lililopasuka. Aliacha mstari huo mtupu, bila namba na bila kiduara, na mkono ulimuuma kuuacha hivyo.

Watano kwa watano, na mmoja asiyejulikana. Alizunguka siku nzima kazini akiwa na matokeo hayo, na jioni aliyaeleza kwa mkewe kwa maneno machache. Mkewe aliuliza kitu ambacho hakukifikiria: katika hao wote, umeulizia, lakini wewe mwenyewe umeshaingia mle ndani ukaona unaweza? Ilikuwa kweli. Alikuwa amepita kila geti isipokuwa la chuo.

Jumamosi kulikuwa na somo la majaribio, bure kwa wanaotaka kujiandikisha. Akaenda akiwa amevaa shati la ofisini, akidhani watu watakuwa wamevaa hivyo. Chumba kilikuwa na mashine ishirini, mapazia ya plastiki, na vijana ambao wengi wao wangeweza kuwa wanawe. Mwalimu, dada mmoja aliyevaa raba, aliwaambia waandike mistari michache itakayochukua namba mbili na kutoa tofauti yake. Bwana Maji alitaka kucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu binti yake mkubwa hajazaliwa.

Alichapa kwa kidole kimoja. Alipobonyeza mahali walipoambiwa wabonyeze, kioo kilijaa maandishi mekundu, naye akaondoa mikono kwenye kibodi kama aliyegusa sufuria la moto.

"Nimeharibu?" alimnong'oneza binti aliyekaa pembeni yake.

"Hujaharibu, baba. Inakuambia tu umesahau kufunga mabano."

Alifunga mabano. Namba ikatokea: 23. Vijana wengine walifurahi zao zilipotokea, mmoja akapiga meza. Bwana Maji hakufurahi. Alikaa akiitazama ile ishirini na tatu, iliyokuja bila kisanduku cha saruji wala goti, kabla hajamaliza kuvuta pumzi, na akaelewa kwa mara ya kwanza, si kwa barua bali kwa macho, kwamba kazi yake imekwisha. Si kwamba itakwisha baada ya miezi kumi na minne. Ilikuwa imeshakwisha, kilichobaki ni kufungwa kwa mita mpya.

Kisha, kwa mazoea tu, aliingiza namba za mita iliyofika mwisho, ile inayopita tisini na tisa elfu mia tisa tisini na tisa na kuanza tena sifuri. Jibu likatoka hasi, chini ya sifuri, kubwa ajabu. Mwenye nyumba huyo angepata bili inayosema mamlaka ndiyo inayodaiwa. Akanyoosha mkono. Mwalimu alikuja, akainama, akasema hilo hakulifikiria alipotoa zoezi, na akamwonyesha jinsi ya kuiambia mashine ifanye nini namba mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani. Ilimchukua dakika arobaini kuliandika likakubali. Alipoinua kichwa darasa lilikuwa limeshapita mambo mengine matatu, ambayo hakuyaelewa hata moja, na binti wa pembeni alikuwa anafunga mkoba.

Nyumbani alimkuta mkewe anatia vifungo kwenye sare ya mtu. Akamweleza yote mawili, lile aliloliweza na yale matatu yaliyompita. Akamwambia kwamba anaogopa kiasi cha kuona aibu. Akasema labda paa ndilo la uhakika. Paa haliwezi kukunyima kazi. Alitegemea kwamba mkewe atamwambia aende, au atamwambia asiende, na lolote kati ya hayo lingekuwa nafuu.

Mkewe aliendelea kutia vifungo mpaka cha mwisho.

"Paa nalitaka kuliko wewe unavyolitaka," alisema. "Ninyi mnatoka. Mimi ndiye ninayeshinda humu ndani. Lakini baada ya miezi kumi na minne hapatakuwa na mshahara, na watu wanne chini ya mabati mapya wasiokuwa na mshahara ni watu wanne wanaosikiliza mvua." Alikunja sare. "Lipa muhula mmoja. Theluthi. Mwisho wa muhula tunapima tena. Na safari hiyo naenda kupima mimi, wewe una mkono mwepesi."

"Na kama nikishindwa?"

"Tutakuwa tumepoteza theluthi ya paa, nami nitakuwa nimekasirika sana," alisema. "Nitakukasirikia muda mrefu, baba watoto. Hilo ujue kabisa kabla hujalipa."

Hakupata kitulizo chochote kwenye maneno hayo. Lakini yalikuwa na kipimo, na kipimo alikizoea.

Siku ya mwisho ya fomu waliomba ruhusa wote wawili, yeye kazini, mkewe kwa wateja wake, wakaenda kwenye chama cha akiba. Akaunti ilihitaji sahihi mbili. Mkewe alisaini kwanza, haraka, kama anayetia alama ya chaki kwenye kitambaa. Msoma mita akasaini. Karani wa dirishani, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, alichukua kadi ya zamani, akailinganisha na fomu, na kuirudisha.

"Haifanani, mzee. Hii yako ina mkia. Ya kwenye kadi haina mkia."

Akasaini tena. Mkia haukuwepo, lakini herufi ya kwanza ilikuwa imekaa upande. Karani akatikisa kichwa. Mara ya tatu kalamu iliruka katikati ya jina, na wote watatu waliuona mkono wenyewe ukitetemeka juu ya kaunta, wazi kabisa.

Karani alivua miwani. Alimtazama mzee, akamtazama mke aliyesimama kando yake, na sauti yake ikawa ya ofisini.

"Kanuni inanitaka niulize. Kuna mtu anakulazimisha kutoa fedha hizi?"

Mkewe aliangalia kalenda ya ukutani, akaacha kupepesa macho. Msoma mita angeweza kusema lolote. Ilimpitia akilini kwamba akisema ndiyo, fomu itachanwa, saa kumi itafika, chuo kitafunga daftari lake, na hakuna mtu atakayemlaumu isipokuwa mmoja. Alilifikiria hilo kwa uzito wake wote.

"Hakuna," alisema. "Naogopa tu."

Karani aliangalia fomu kana kwamba anatafuta mahali pa kuliandika hilo.

"Kuogopa hakuna kisanduku chake hapa," alisema, kwa sauti ya chini zaidi. "Kakae pale, baba. Kunywa maji. Foleni ikipungua uje tena, nina fomu moja nyingine."

Walikaa kwenye benchi chini ya feni. Mkewe alimletea maji kwenye kikombe cha karatasi, naye akayanywa akikishika kwa mikono miwili. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika arobaini. Chuo kilikuwa mwendo wa robo saa. Watu walikuja dirishani, wakaweka, wakatoa, wakaondoka. Yule mama wa geti la tisa alimjia akilini, na lile dirisha lililofungwa mchana, na hakujaribu kumfukuza. Alingoja mpaka alipomwona vizuri.

"Tukirudi nyumbani sasa hivi," mkewe alisema bila kumgeukia, "sitakucheka."

"Utafanya nini?"

"Nitashona."

Saa tisa na robo foleni ilibaki na mtu mmoja. Msoma mita aliinuka. Hofu iliinuka naye, hakuiacha kwenye benchi. Aliufuta mkono wa kulia kwenye suruali, akauegemeza wote kwenye kaunta kuanzia kiwiko mpaka kidole, kama anavyouegemeza kwenye ukingo wa kisanduku mita ikiwa mbali, na akaandika jina lake polepole, herufi moja moja.

Karani alilinganisha. Alichukua muda. Aliigeuza kadi kwenye mwanga, akaigeuza tena.

"Inatosha," alisema, na kugonga muhuri.

Fedha alizipokea mkewe, akazihesabu mara mbili, akazitia ndani ya mkoba na kuubana kwapani. Walipotoka nje jua lilikuwa bado kali. Alimwambia mkewe atangulie kidogo, yeye atamfuata polepole. Mkewe hakutangulia. Alipunguza mwendo wake, na wakaenda hivyo hivyo, mguu kwa mguu, kuelekea stendi ya zamani.